Mwanangu wa Jumanne

Chupa ilikuwa tupu. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Ilisimama kwenye kiti cha mwisho cha chumba cha kusubiria, saa saba mchana, wagonjwa wameshaondoka na nesi ameenda kula. Kibandiko kilisomeka vizuri: mshiriki namba arobaini na saba, vidonge thelathini. Dada Kumbusho aliichukua, akaitikisa, haikulia. Akafungua kifuniko akachungulia. Hakukuwa na kidonge hata kimoja, wala ule ungaunga unaobakia chini.

Asiyeijua kazi hii atauliza chupa tupu ina ubaya gani, si mgonjwa kamaliza dawa? Huyo hajawahi kufanya kazi kwenye utafiti. Miaka mitatu Dada Kumbusho alikuwa anahesabu vidonge vinavyorudishwa, na hakuwahi kumwona mtu aliyemaliza vyote. Yupo anayesahau kila Jumapili. Yupo anayemgawia mumewe, kwa kuwa naye ana presha na foleni ya hospitali imemshinda. Kuna bibi mmoja alirudisha vidonge thelathini na vinne kwenye chupa ya thelathini, na mpaka leo hakuna anayejua vile vinne alivitoa wapi. Binadamu ndivyo alivyo. Anayemaliza vyote, bila kuruka hata siku moja, ni wa kuogopwa.

Lakini si hilo lililomkausha mate. Chupa ile aliifungia yeye mwenyewe kwenye droo ya meza yake siku nane nyuma, ikiwa imejaa, na ufunguo wa droo ulikuwa shingoni mwake. Aliupapasa. Ulikuwepo.

Jina la Dada Kumbusho alipewa na wagonjwa. Kituo kilikuwa kinajaribu kidonge kipya cha presha kwa watu mia moja na ishirini, mwaka mzima. Kila mwezi mshiriki aje apimwe na achukue chupa yake. Kila Jumanne apigiwe simu. Kupiga simu hizo ndiyo ilikuwa kazi yake. Maswali yalikuwa matatu, yamebandikwa ukutani mbele ya meza yake, na hakuruhusiwa kuongeza wala kupunguza. Umekula dawa? Unajisikiaje? Kuna jambo lolote ungependa kutuambia? Kisha amalizie: Asante kwa kuendelea nasi.

Mtu anayewajulia hali watu mia moja na ishirini kwa siku moja ungedhani naye anajuliwa hali. Wapi! Akirudi kwenye vyumba vyake viwili, simu yake mwenyewe ilikaa mezani kimya mpaka asubuhi. Mama yake alikuwa amefariki baada ya kuuguzwa miaka tisa kwenye kitanda cha chumba cha ndani, na kwa miaka hiyo tisa marafiki walikuja, wakapungua, wakaisha. Aliyebaki ni kaka yake, aliyekuwa mbali na mkewe na watoto wake, na ambaye mara moja moja alituma ujumbe: "Mko salama huko?" Dada Kumbusho aliusoma huku akitazama kiti cha pili cha meza, kisichokaliwa na mtu, kisha akajibu: "Tuko salama."

Namba arobaini na saba alikuwa Fundi Saa, mzee aliyeishi peke yake na kutengeneza saa humo humo chumbani. Aliomba awe wa mwisho kupigiwa, saa kumi kamili, wateja wakiwa wameondoka. "Mwanangu," alikuwa anasema, "mimi ndiye fundi wa saa, halafu wewe ndiye unayenikumbusha saa. Dunia imepinduka." Swali la tatu, ambalo wenzake wote walilijibu "hakuna", yeye alilijibu kirefu. Amepika wali ukaungua. Goti linamsumbua. Ile saa ya ukutani ya kituo aliyoichukua kuitengeneza bado anaitafutia kigurudumu chake kimoja cha ndani, asimsute. Dada Kumbusho alijua hairuhusiwi, lakini aliinua miguu juu ya kiti akamsikiliza nusu saa nzima, na mara nyingine yeye ndiye aliyesimulia. Ndiyo mazungumzo pekee aliyokuwa nayo kwa wiki. Hakuwahi kujiuliza kama na kwa mzee ni hivyo hivyo.

Miezi mitatu kabla ya chupa ile, Jumanne moja saa kumi, simu ya Fundi Saa iliita bila kupokelewa. Utaratibu ulikuwa wazi: asipopokea Jumanne apigiwe Jumatano, asipopokea Jumatano, Alhamisi aendewe nyumbani. Jumatano haikupokelewa. Alhamisi mvua ilianza asubuhi, na siku hiyo mama alikuwa anatimiza mwaka kaburini. Dada Kumbusho alifika mpaka geti la kituo, akasimama na mwavuli wake, akaona maji yanavyokimbia barabarani, akasema, nitakwenda kesho. Akarudi nyumbani akalala na viatu. Ijumaa ilikuwa siku ya ripoti, na ripoti haikumwachia nafasi hata ya kunywa maji.

Jumatatu alipotoa simu ya ofisi kwenye droo, alikuta Fundi Saa amepiga Jumapili mara tatu. Moyo ukamtulia. Mtu anayepiga simu si mzima? Akaandika kwenye daftari: Amepatikana. Hana tatizo. Anaendelea na dawa.

Tusimwone mbaya kuliko alivyokuwa. Walikuwa wameshapotea washiriki sita walioacha kuja, na masharti yalisema akipotea wa saba kituo kinafungwa. Mratibu, mtu mpole anayetembea na kalamu tatu kwenye mfuko wa shati, alipita mezani kwake kila asubuhi na kuuliza neno moja tu: "Wapo?" Naye alijibu: "Wapo." Basi mwezi ule Fundi Saa alipokosa kuja kupimwa, Dada Kumbusho alimpima bila yeye. Wanaochelewa hadi saa saba, wakati nesi anakula, yeye ndiye aliyewahudumia. Alichukua vipimo vya mwezi uliopita akavisogeza kidogo. Vidonge akavimwaga chooni, akabakiza viwili ili ionekane kweli. Mwezi wa pili vivyo hivyo. Na kila Jumanne saa kumi aliipiga ile namba, kwa sababu mkaguzi huangalia kumbukumbu za simu. Aliiacha iite mpaka ichoke, kisha akaandika: Hana tatizo. Mwezi wa tatu alichoka hata kumwaga, akaifungia chupa kwenye droo.

Ndiyo hiyo sasa alikuwa ameishika mkononi, tupu.

Alipoinama kukitazama kile kiti, pua yake ilipata harufu ya mafuta ya mashine, yale membamba ya kutilia kwenye saa. Akaweka kiganja juu ya kiti. Kilikuwa na joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Kisha akasikia tik, tik, tik, ndogo na ya uvumilivu. Akatazama ukutani. Palikuwa na msumari tu. Saa ya kituo ilikuwa bado kwa Fundi Saa. Sauti ilitokea kwenye kiti, ikahamia mlangoni, ikaingia chumba cha vipimo polepole kama mtu mwenye goti bovu, na huko mizani ikalia mlio wake wa kuanza kupima.

Alikwenda, na hakuna ajuaye alipata wapi miguu. Hakukuwa na mtu. Mwanga wa mchana ulikuwa umejaa chumba kizima, hakuna hata kona ya kujificha. Mizani ilikuwa inaonyesha kilo tatu na nusu.

Alingoja tarakimu zifutike, akapanda yeye. Wafanyakazi walikuwa na mchezo wa kujipima kila mwanzo wa mwezi, na nesi aliandika kwenye karatasi ili wachekane. Dada Kumbusho alikuwa amepungua kilo tatu na nusu.

Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Angeeleza chupa, angeeleza droo, angeeleza yote. Wiki iliyofuata, saa saba ile ile, mizani ililia peke yake: kilo tano. Naye alikuwa amepungua tano. Wiki ya tatu, sita na nusu. Alikula, tena alikula kwa kujilazimisha, lakini sketi ilimzunguka kiunoni mpaka akaishika kwa pini.

"Dada Kumbusho," nesi alimtania huku akivaa glavu, "huyo unayempungulia mwili ni nani? Si umlete tumwone?"

"Mawazo tu, dada."

"Mawazo ya nini na wewe huna mume wala mtoto? Sisi wenye nao ndio tuna haki ya kukonda." Nesi alicheka, mwanamke mnene mwenye roho safi, akamwita mgonjwa anayefuata. Angeuliza mara ya pili, pengine angeambiwa. Hakuuliza.

Jumanne ya wiki hiyo, saa kumi kamili, Dada Kumbusho alipiga namba ya Fundi Saa kama kawaida, akaiweka simu mezani iite mpaka ichoke. Iliita mara mbili. Ikapokelewa.

"Habari za mchana," sauti ilisema.

Alinyakua simu kwa mikono miwili. "Fundi! Fundi Saa! Ulikuwa wapi siku zote hizi, mzee wangu?"

"Umekula dawa?"

Alicheka, machozi yakimtoka. Ilikuwa sauti yake kabisa, na utani wake ule ule wa dunia kupinduka. "Mimi nile dawa gani, Fundi? Si mimi ndiye ninayekuuliza wewe?"

"Unajisikiaje?"

Hapo ndipo alipovunjika. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza hivyo tangu mama afariki, akauliza na kunyamaza asubiri jibu. Alieleza anavyokonda, na usingizi unavyomkimbia, na chumba cha ndani asichokifungua, na kiti cha pili cha meza. Sauti haikumkatiza. Ilimwacha aseme mpaka mwisho, kisha ikauliza, "Kuna jambo lolote ungependa kutuambia?" naye akasema, "Nimekukumbuka, Fundi. Usipotee tena." Upande wa pili palikuwa kimya, bila pumzi wala mkwaruzo, ila tik, tik, tik.

"Asante kwa kuendelea nasi," sauti ikasema, na simu ikakatika.

Usiku ule alilala kama mtoto. Asubuhi aliomba ruhusa, akanunua machungwa sita, akaenda kwa Fundi Saa akiwa na furaha, maskini, hata sketi iliyomlegea hakuijali. Alitaka tu kumwona, kumpima kweli, na kuufuta uongo kimyakimya.

Mama mwenye nyumba alikuwa anaanua nguo. Aliposikia jina, aliishusha shuka aliyoishika.

"Fundi Saa? Mama, Fundi Saa tulimzika. Huu mwezi wa nne sasa."

Dada Kumbusho alisema haiwezekani, aliongea naye jana.

Yule mama hakubishana. Alimwekea kigoda, akaketi naye, akamweleza taratibu, maana aliona machungwa. Yeye mwenye nyumba alikuwa amesafiri kwa binti yake wiki ile. Aliporudi Jumamosi akaona mlango haujafunguliwa, wakauvunja. Mzee alikuwa chini, kati ya kitanda na meza ya kazi. Kiharusi, daktari alisema, kilimpata Jumanne. Simu ilikuwa juu ya meza, mkono haukuifikia.

"Jumanne alikufa?"

"Jumanne alianguka. Daktari alisema alikuwa hai mpaka Ijumaa." Mama mwenye nyumba alijifuta uso kwa shuka. "Tulipoichaji simu tukakuta amepigiwa Jumanne na Jumatano, na mtu mmoja tu. Kamwandika 'Mwanangu wa Jumanne'. Tukajua ana mtoto. Tukapiga ile Jumapili kumwita kwenye maziko, mara tatu, hakupokea. Tukasema, watoto wa siku hizi."

Dada Kumbusho alikuwa amefika mpaka getini, ile Alhamisi. Alikuwa na mwavuli.

"Simu iko wapi sasa?" aliuliza.

Yule mama aliileta ikiwa kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na miwani ya mzee, akaitoa. Betri ilikuwa imevimba na kioo kimepasuka. Haikuwaka tangu siku ya maziko. Chumba nacho kilikuwa kitupu, mama mwenye nyumba alisema akipunguza sauti, hakuna mpangaji anayekaa, wawili walihama bila hata kudai kodi waliyolipa, wanasema mna saa humo ndani, na Jumanne jioni mna mtu anaitwa.

Dada Kumbusho alitoa simu ya ofisi. Hakujua kwa nini. Vidole vilikwenda vyenyewe. Alibonyeza namba ya Fundi Saa huku akiitazama simu iliyopasuka juu ya kiganja cha yule mama, imekufa, nyeusi, na sikioni mwake ikaanza kuita, ikaita na kuita, na nyuma ya mlango uliofungwa kwa kufuli, katika chumba ambacho wote wawili walijua hakina kitu ila vumbi na meza, kiti kilivutwa, na miguu ikaanza kuja, mmoja mzima na mmoja wa kuburuta, bila haraka, kama mtu anayejua anayempigia atasubiri, mpaka ikafika mlangoni, na harufu ya mafuta ya mashine ikatoka chini ya ubao, na sauti ambayo haikutoka kwenye simu wala kinywani mwa mtu ikasema kwa upole mkubwa, "Nimekuja, mwanangu."

Machungwa yalibaki pale uani.

Mama mwenye nyumba ndiye aliyemkokota mpaka mtaa wa nyuma, kwa mganga mmoja mwanamke, mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na daftari kubwa la wagonjwa. Mganga alimsikiliza mpaka mwisho akiandika, na hakushtuka popote ila pale alipotajiwa watu mia moja na ishirini.

"Na wote wanakula dawa mpaka mwisho?"

"Hapana, bibi. Wengine wanaacha."

"Hata zangu." Mganga alilifungua daftari amwonyeshe, akasonya. "Nampa mtu siku saba, ya tatu akipata nafuu ananikimbia. Kisha anarudi analia bibi, kimerudi. Nyie mnawafanyaje?"

"Tunawapigia simu."

"Ndiyo yaliyokupata." Aliweka kalamu chini. "Sikia, binti yangu. Yule mzee amekufa na amepumzika, usimsingizie. Aliyekufa hafuati vidonge. Hicho ni kitu kingine. Wewe uliacha nafasi ya mtu wazi. Ina jina, ina namba, ina kiti, ina dawa yake, daftari linasema yupo, na kila Jumanne saa ile ile unaiita. Ulifikiri haitapata wa kuikalia? Majini wanatafuta vyumba vilivyohamwa. Wewe umewapa mtu mzima mzima aliyehamwa."

"Kinanipunguza, bibi."

"Kinajijaza. Kinachokosekana ni mwili, na uliyekiita ni wewe. Mwaka wa utafiti wenu ukitimia nacho hakijaruka siku, kitakuwa kimekamilika, na wewe ndiye utakayebaki faili."

Dada Kumbusho alianza kulia bila sauti. Mganga alimwachia alie kidogo, kisha akampa masharti yake, na hayakuwa na mbuzi wala kuku. Kwanza aende kwa wale aliowadanganya, aseme kwa mdomo wake kwamba mzee amekufa, na aandike kwa mkono wake. Pili, baada ya hapo kitapiga chenyewe, saa kumi, Jumanne tatu. Asipokee.

"Hata iandike jina gani?"

"Hata jina lolote. Jumanne tatu, ndiyo dozi. Ya kwanza itakuwa ngumu, ya pili ngumu zaidi. Ya tatu ndiyo watu wengi huacha, kwa sababu wameshaona wamepona. Ukipokea ya tatu umekikaribisha kwa kinywa chako, na safari hiyo sikuwezi." Alimtazama juu ya miwani. "Una mtu nyumbani? Wa kukushika mkono?"

"Ninaye," alisema Dada Kumbusho, kama alivyozoea kumjibu kaka yake.

Kesho yake mratibu alipita mezani. "Wapo?"

"Hayupo mmoja," alisema. "Namba arobaini na saba amekufa. Alikuwa hai siku tatu nzima, nami sikwenda."

Alisema yote, mlango ukiwa umefungwa, nesi amesimama na mikono kifuani. Kisha akachukua fomu ya mshiriki aliyetoka na kwenye sababu akaandika: Amefariki. Kule chumba cha kusubiria kiti kilianguka, peke yake, na mizani ikalia mlio mrefu ukafa. Nesi aliruka, mratibu akasema ni upepo. Dada Kumbusho alipopita hapo akiwa na mfuko wake wa vitu, aliweka kiganja kwenye kile kiti. Kilikuwa cha baridi, na hewa ilinuka dawa ya kusafishia sakafu tu.

Kituo kilisimamishwa, mafaili yakachukuliwa kukaguliwa. Yeye alifukuzwa, na nani angelalamika? Nesi alimsindikiza mpaka getini. "Kwa nini hukuniambia tu?" alisema. "Tungekwenda wote, hata na mvua." Akamkumbatia, akaahidi kumpigia. Baadaye wafanyakazi wote walikatazwa kuwasiliana naye mpaka ukaguzi uishe, na nesi ni mtu wa kufuata utaratibu.

Jumanne ya kwanza, saa kumi, simu yake mwenyewe iliita. Kioo kiliandika: Fundi Saa. Kwenye simu hii hakuwahi kuihifadhi namba hiyo. Aliketi juu ya mikono yake. Iliita mpaka ikachoka, na nyumba ikanyamaza.

Wiki ile alianza kunenepa. Sketi ilikaa. Alikula, akalala, akafua mapazia. Aliwatumia salamu watu watano wa zamani. Mmoja alijibu kwa picha ya ua. Alimwandikia kaka yake kwamba ameacha kazi, na kwamba angefurahi kusikia sauti yake siku yoyote akipata nafasi. Alama ilionyesha kwamba ujumbe umesomwa.

Jumanne ya pili kioo kiliandika: Mama.

Siwezi kukueleza dakika ile. Alijifungia chumba cha ndani, kile asichokifungua, akajilaza kwenye kitanda kitupu cha mama yake na kuuma mto, na simu huko mezani ikaita kwa namna ambayo mama alikuwa anamwita akitaka kugeuzwa ubavu. Hakupokea. Ilipokatika alitoka akiwa amelowa jasho, akasema kwa sauti, "Imebaki moja." Hakukuwa na wa kumwambia "hongera".

Siku saba zilizofuata hazikuwa na kitu. Hilo ndilo ninalotaka ulielewe. Hakukuwa na kivuli, wala harufu, wala hatua mlangoni. Palikuwa na asubuhi, mchana na jioni, na simu mezani isiyolia hata kwa mtu aliyekosea namba. Aliongea na muuza duka: "Nipe sabuni." "Hii?" "Ndiyo." Alihesabu, ndiyo maneno yote aliyobadilishana na binadamu tangu Jumatano. Kilo zake zilikuwa zimerudi zote na hakukuwa na wa kumtania.

Jumanne ya tatu alikaa mezani tangu saa tisa. Mchana ulikuwa mweupe, watoto wa jirani walikuwa wanapiga kelele uani. Saa kumi kamili simu iliita. Kioo kiliandika: Kaka.

Aliinuka, akaketi. Huenda ni yeye kweli. Alisoma ujumbe, si alisoma? Kaka ana kazi, ana watoto, pengine leo amepata nafasi. Akakumbuka kwamba kaka yake, kwa miaka yote hiyo, hajawahi kumpigia Jumanne, wala siku nyingine yoyote. Ndipo harufu ya mafuta ya mashine ilipomfikia, nyembamba na safi, kutoka upande wa pili wa meza. Kwa hiyo hakudanganyika, na mtu asije akasema alidanganywa. Alijua. Alikitazama kile kiti cha pili, akasikia tik, tik, tik, akafikiria Jumanne ijayo ambayo haitakuwa na simu ya mtu yeyote, na itakayofuata, na itakayofuata hiyo, mpaka siku ambayo mtu atauvunja mlango na kukuta simu yake haina hata jina moja lililompigia, na mkono wake, ambao ile Alhamisi ulishika mwavuli na kurudi nyumbani, ukanyooka ukabonyeza.

"Habari za mchana," sauti ilisema. "Upo?"

"Nipo."

"Umekula dawa?"

"Sikumaliza. Imebaki siku moja."

"Unajisikiaje?"

Aliinua miguu juu ya kiti, kama zamani, akaanza kueleza. Kiti cha pili kilisogea kidogo, kikaelemewa na uzito. Alieleza mpaka jua likaondoka dirishani, na hakukatizwa hata mara moja.

"Kuna jambo lolote ungependa kutuambia?"

"Hakuna," alisema. Alikuwa anatabasamu, na sketi ilikuwa imeanza kumlegea kiunoni.

"Asante kwa kuendelea nasi."